Helmeti si ya polisi, wasee

Jana jioni nimepita pale kwa kibanda cha chai karibu na steji, niko juu ya baiskeli na helmeti kichwani. Wasee wakaangua kicheko kama nimevaa sufuria. Mmoja akaniuliza, "Warya, unaenda mwezini?" Mzee mmoja, na huyo namheshimu sana, akauliza kama siku hizi polisi wanashika hadi watu wa baiskeli.

Hilo swali la mzee ndilo lilinikosesha usingizi, si vile vicheko. Kwa sababu hapa kwetu helmeti ni kitu ya polisi, basi. Angalia watu wa nduthi. Sheria ya trafiki inataka dereva na abiria, wote wawili, wavae helmeti na jaketi linalong'aa. Ukishikwa bila, faini ni shilingi 1,000. Sasa hiyo helmeti hukaa wapi? Kwa kiwiko. Ama juu ya tangi la mafuta. Kizuizi kikionekana mbele inapanda kichwani, kikipitwa inashuka. Tunalinda ile 1,000. Kichwa hakiko kwa hesabu. Na kwa vile hiyo sheria ni ya pikipiki, tumejiambia baiskeli haina ajali.

Haina ajali? Kwa hii barabara?

Wewe unaishi Bangale, usijifanye hujui. Hii lami ndiyo inapeleka kila kitu Garissa: mabasi ya Nairobi, matrela, pikapu za miraa zinazokimbia kama zinafukuzwa. Hakuna njia ya baiskeli. Kuna lami, halafu kuna ukingo wa lami uliovunjika, halafu mchanga. Basi likikupigia honi kutoka nyuma unashuka kwa mchanga na mzigo wako, gurudumu la mbele linazama, na wewe unaruka. Hakuna gari limekugusa. Hakuna ajali ya kuripoti. Ni mtu tu ameanguka na baiskeli.

Hivyo ndivyo alianguka mtoto wa shangazi yangu, mwaka juzi, akitoka kuteka maji na mitungi miwili nyuma. Kichwa kilipiga ukingo wa lami. Hakutoka damu nyingi, kwa hivyo tukamcheka, tukamwambia aoshe uso. Usiku akaanza kutapika. Ako hai, alhamdulillahi. Lakini alikuwa kijana wa hesabu, yule wa kusumbua mwalimu na maswali, na sai ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja na anakasirika ukimuuliza. Ana miaka kumi na nne. Na mimi ndiye nilimwambia aoshe uso.

Sasa skiza. Chuo niliacha njiani, lakini hii haihitaji digrii. Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita moja na nusu, kinafika chini na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo hata hujakanyaga pedali, umesimama tu ukaanguka. Helmeti za baiskeli zinazofuata kiwango cha Ulaya hujaribiwa kwa kasi kama hiyo hiyo. Hazijatengenezwa kushindana na trela, zimetengenezwa kwa yule mtu aliyeruka kwa mchanga. Ndani ni povu gumu jeupe, ndugu ya lile linakuja na boksi la TV. Linabonyea ndio fuvu lisibonyee. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia walikusanya tafiti 40 za watu zaidi ya 64,000 walioumia kwa baiskeli, wakapata helmeti inapunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa asilimia 69.

Najua mtasema joto. Na ni kweli, hapa saa nane mchana hata mbuzi anatafuta kivuli. Lakini mnafikiria ile helmeti ya nduthi, ile chungu iliyofungwa. Ya baiskeli ina matundu kila mahali, upepo unapita. Na hii stori ya joto si yetu peke yetu. Mwaka 1991 wale waendesha baiskeli wa kulipwa waligoma kwenye mbio za Paris–Nice huko Ufaransa wakikataa kulazimishwa helmeti, na joto lilikuwa moja ya sababu zao. Wakashinda. Machi 2003, kwenye mbio hizo hizo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan akagongana na wenzake, akaanguka na kichwa kitupu, akafa. Miezi miwili haikuisha, helmeti ikawa lazima. Walingoja miaka kumi na mbili na maiti moja. Sisi tunangoja nini?

"Ajali ni kadari." Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu wa ngamia. Habari ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia bila kamba kwa kuwa anamtegemea Mungu mmeisikia tangu madrasa, na jibu alilopewa na Mtume mnalijua. Usiku unafunga mnyama wako miguu. Kichwa chako unaacha wazi.

Kuna na msomi fulani wa kuniambia Uholanzi kila mtu anaendesha baiskeli na karibu hakuna anayevaa. Sawa kabisa. Wako na njia zao wenyewe, mbali na matrela. Nijengee njia hiyo kutoka hapa hadi Madogo na helmeti nitafugia kuku.

Na ndio, helmeti si hirizi. Sule Kangangi, nyota wetu wa baiskeli, alianguka na kufariki kwenye mbio kule Vermont, Marekani, Agosti 2022, na mbio kama hizo huruhusiwi kuanza bila helmeti. Inapunguza, haifuti. Mkanda wa gari pia haufuti.

Lakini mtu asinisome vibaya: sitaki sheria. Mkiona mheshimiwa yeyote anapeleka mswada wa helmeti za baiskeli, mimi niko upande wa pili. Tumeona ya nduthi. Kijana wa mitungi atageuzwa kuwa hela ya chai barabarani. Hata Marekani, King County, ile yenye mji wa Seattle, walifuta sheria yao mwaka 2022 baada ya kuonekana faini zinaangukia zaidi watu weusi na wasio na makao. Sitaki polisi aguse hii kitu. Nataka uvae saa ile hakuna mtu anakuangalia.

Bei? Hapo mko na haki, na hapo ndipo hasira yangu inaishia kwenu inaanza kwa wengine. Wale wanaokuja kugawa baiskeli kwa wanafunzi, na mabango, na kamera, na hotuba: baiskeli bila helmeti ni nusu ya zawadi. Toa tisheti zenye sura yako kwa bajeti, weka helmeti. Kama unanunua ya mtumba, geuza uangalie ndani. Povu likiwa na ufa, achana nayo, ilishafanya kazi yake kwa kichwa cha mtu mwingine. Mkanda ukaze chini ya kidevu, ikae juu ya nyusi, isiegemee kisogoni kama kofia ya mswaki. Na dada zangu, kitambaa chepesi chini, helmeti juu, hijabu yako iko salama.

Yule kijana wa shangazi ameanza kuomba baiskeli tena. Mama yake amekataa, na mimi simlaumu. Nimemwambia shangazi anipe hadi mwisho wa mwezi. Yangu nimemjaribisha, ni kubwa, inamzunguka kichwani akicheka. Natafuta ndogo. Mwenye duka Garissa ama Mwingi anaziuza, niambie bei.