Kabla hujachangia likizo ya miaka 30, uliza mlango wa kutokea uko wapi

Mteja wetu mmoja wa Malaba alitupigia simu asubuhi akiwa na swali fupi: anaweza kutuma shilingi 150,000 kwa mara moja, ama lazima azigawe? Ni mama anayesaidia wenye trela kupitisha karatasi za forodha, kwa hivyo kutuma pesa nyingi si jambo geni kwake. Lakini safari hii hazikuwa pesa za mzigo.

Dada yake anaishi Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Alialikwa kwa kifungua kinywa cha bure kwenye hoteli ya likizo, akakaa mle ndani saa nne, akatoka akiwa ametia sahihi mkataba wa "wiki ya familia." Malipo ya kwanza alilipa kwa kadi. Sasa ndugu walioko Malaba, Bungoma na Nairobi walitakiwa wachangie yaliyobaki, na kila mmoja angepata zamu yake ya kwenda kulala huko.

Tulimjibu swali lake. Kisha tukamwuliza letu: mkataba ulitiwa sahihi lini? "Siku sita zilizopita," akasema. Ametupa ruhusa tusimulie kisa chake bila kutaja jina. Tunakisimulia kwa sababu hizo siku sita ndizo zilizoamua kila kitu.

Wiki moja kati ya 52

Kama hujawahi kuisikia biashara hii, tuanze hapa hapa nyumbani. Chukua chumba kimoja cha loji pale Malaba, karibu na foleni ya trela. Mwaka una wiki 52. Mwenye loji anaamua kuacha kuuza usiku mmoja mmoja. Badala yake anawauzia madereva 52, kila mmoja wiki yake, kila mwaka. Dereva analipa pesa nyingi mwanzoni, halafu kila mwaka analipa ada ya matunzo: maji, stima, rangi, mlinzi, bima. Wiki yake ikifika, chumba ni chake. Asipokuja, ada bado inadaiwa.

Hiyo ndiyo taimusheya. Sisi tutaiita chumba cha zamu.

Wazo lenyewe si baya. Mtu anayelala mahali pale pale kila mwaka, wiki ile ile, anaweza kuokoa pesa. Shida ni kwamba dereva anajua atapita Malaba Desemba hii, lakini hajui kama atapita Desemba ya mwaka 2045. Mkataba wenyewe unamdai kana kwamba anajua.

Ndani ya bustani, nje ya bustani

Orlando ni kama mji mkuu wa biashara hii. Sababu kubwa ni Walt Disney World, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1971 na kuvuta familia kutoka dunia nzima. Familia inayotaka chumba cha zamu huko ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni nje ya bustani. Kampuni kama Westgate Resorts, iliyoanza mwaka 1982, zilijenga vyumba vya likizo karibu na bustani bila kuwa sehemu yake. Uzuri wake unaonekana haraka. Nyumba nyingi ni kubwa, zina jiko, sebule na mashine ya kufua, na bei ya kuingia huwa nafuu kuliko ndani. Ukichoka na Orlando, zipo kampuni za kubadilishana zamu kama RCI, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambapo unaitoa wiki yako na kulala mji mwingine au nchi nyingine. Bila shaka unalipia huduma hiyo.

Ubaya wake hauonekani siku ya kifungua kinywa cha bure. Kwanza, mara nyingi utahitaji gari kila asubuhi ili ufike bustanini. Pili, na hili ndilo kubwa, mikataba mingi ya nje iliandikwa kama hati ya nyumba: haina tarehe ya mwisho, na mwenyewe akifa inaingia kwenye mirathi. Si yote iko hivyo, lakini ni mingi.

Njia ya pili ni ndani ya bustani yenyewe. Mwaka 1991 Disney ilianzisha klabu yake, Disney Vacation Club. Humo unanunua pointi, na pointi zako hurudi kila mwaka. Usiku wa msimu wa Krismasi unakula pointi nyingi, usiku wa msimu mtulivu unakula kidogo. Kwenye hoteli unayohesabiwa kuwa ni yako, unaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla. Kwenye hoteli nyingine za klabu ni miezi 7. Kuna usafiri mpaka bustanini, na asubuhi unaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya watu wote.

Na hapa sisi wa Kiswahili tutacheka kidogo. Moja ya hoteli hizo, Animal Kingdom Lodge, ina majengo yanayoitwa Jambo House na Kidani Village. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Ukifungua pazia unaona twiga na pundamilia. Yaani mtu wa Busia anaweza kupanda ndege mpaka Florida, alale Kidani, ale Boma, na amtazame twiga ambaye angemwona Ziwa Nakuru akiwa njiani kwenda Nairobi.

Tukilazimishwa kuchagua

Watu wengi hulinganisha njia hizi mbili kwa kuangalia vitanda: chumba kipi kikubwa, kipi kina jiko, kipi kiko karibu na lango. Kwa maoni yetu, hapo ndipo wanapokosea. Linganisha milango ya kutokea.

Ya ndani ni ghali, tena ghali sana, na ada yake ya kila mwaka inapanda kama ya wengine. Lakini mikataba yake ina tarehe ya mwisho. Ile ya hoteli za mwanzo za klabu inaisha mwaka 2042, ya Jambo na Kidani mwaka 2057. Siku hiyo ikifika huna chumba, na huna deni. Tena ukitaka kutoka mapema, kuna soko la mitumba lenye wanunuzi, na Disney yenyewe imejiwekea haki ya kununua kabla ya mtu mwingine.

Huko nje ya bustani, si ajabu kukuta zamu inatangazwa kwa dola 1 na hakuna anayeitaka. Kwa nini mtu akatae nyumba ya dola 1? Kwa sababu hanunui nyumba. Ananunua ada ya kila mwaka, isiyo na mwisho, ambayo kiwango chake hakipangi yeye.

Kwa hivyo tukilazimishwa kuchagua, tunachagua ya ndani. Si kwa ajili ya twiga. Ni kwa ajili ya tarehe.

Lakini nani ametulazimisha?

Tupige hesabu kwa shilingi

Chukua mfano, tarakimu ni zetu. Umeuziwa wiki moja kwa shilingi 600,000, na ada ni 40,000 kwa mwaka. Muuzaji anakwambia: gawanya kwa miaka 20, ni 30,000 tu kwa wiki nzima. Inasikika tamu. Ada ameiacha wapi?

Ada isipopanda hata kidogo, miaka 20 ni 800,000. Jumla inakuwa 1,400,000, sawa na 70,000 kwa wiki, yaani 10,000 kwa usiku. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, ada peke yake inafika kama 1,322,000. Jumla sasa ni karibu 1,922,000, zaidi ya 13,700 kwa usiku. Na ukikosa kwenda miaka 5 kati ya hiyo 20, labda mtoto ameingia shule ya upili au mzazi ameugua, kila usiku uliolala kweli umekugharimu zaidi ya 18,000. Hapo hujalipa nauli wala hujala.

Sasa uliza hoteli ya kiwango hicho hicho inalipisha ngapi kwa usiku mmoja. Ikiwa ni chini ya hapo, umelipa zaidi ili upate uhuru mdogo.

Mapato ya mpakani hayana ratiba

Tunaijua Busia na tunaijua Malaba. Mwezi mmoja shilingi ya Uganda inakupendelea, mwezi unaofuata inakugeukia. Foleni ya trela ikikwama, vibanda vya chakula, boda boda na wabadilishaji pesa wote wanauhisi. Samaki, mahindi, mitumba, ndizi: kila kimoja kina msimu wake. Mapato yetu hayana ratiba. Ada ya matunzo ina ratiba, na haijui kwamba mpaka ulikuwa mbaya mwezi huu.

Ndiyo maana ushauri wetu kwa mfanyabiashara wa mpakani ni mmoja: usinunue ya ndani, usinunue ya nje. Lipia usiku utakaolala, mwaka utakaolala.

Kuna hoja moja dhidi yetu, na ni nzuri. Watu wetu hawapumziki. Mama ameuza samaki Busia miaka mingi na hajawahi kuiona bahari. Mkataba unamlazimisha aende, na bila kulazimishwa hataenda. Tunaikubali nusu yake. Kulazimishwa kunasaidia kweli, lakini tayari tuna kitu kinachotulazimisha: chama. Watu kumi wakiweka 500 kila wiki kwenye kapu la likizo, kila mmoja ana 26,000 mwisho wa mwaka. Hiyo ni safari ya Mombasa kwa basi na treni, pamoja na siku kadhaa za kulala. Mwaka mbaya ukija, mnakubaliana kwenye mkutano na kapu linasubiri. Hakuna anayewashtaki.

Siku 10 zako

Kama umeshatia sahihi, usikate tamaa. Mikataba hii inauzwa huku pia, wakati mwingine kwa jina la klabu ya likizo au kadi ya punguzo la hoteli. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji, ya mwaka 2012, inaitambua mikataba ya zamu na inakupa siku 10, tangu upokee nakala ya maandishi, kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Florida nayo inatoa siku 10. Andika barua au barua pepe, baki na nakala na uthibitisho wa kuituma. Usitegemee simu peke yake.

Na upande wetu wa malipo, tafadhali shika haya:

- Lipa kwa namba ya Paybill au Till ya kampuni, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika lilingane na jina lililo kwenye mkataba.
- Usikope kwa simu ili ulipe malipo ya kwanza. Ukianza kwa deni, umeongeza ada juu ya ada.
- Wengi wenu mna laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Pesa ikishavuka mpaka ni ngumu zaidi kuirudisha, kwa hivyo hakikisha kabla ya kutuma, si baada.
- Mtu akikupigia kusema amepata mnunuzi wa zamu yako, ila utangulize pesa kidogo ya "kodi" au "wakili," kata simu. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwekea vikwazo kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya na utapeli wa namna hiyo hiyo dhidi ya wenye vyumba vya zamu. Si mchezo wa vijana wa mtaani.

Yule mama wa Malaba alimpigia dada yake mchana ule ule. Walibishana siku mbili. Dada aliona aibu kurudi nyuma baada ya kuwatangazia ndugu wote, na hilo tunalielewa. Wauzaji wanalielewa zaidi yetu. Siku ya tisa barua ilitumwa. Malipo ya kwanza yalirudi kwenye kadi baada ya wiki kadhaa.

Zile 150,000 hazikutumwa popote. Sehemu imerudi kwenye biashara, sehemu iko kwenye kapu la safari ya Mombasa, Desemba. Dada ameambiwa nauli yake ya kutoka Nairobi imeshawekwa. Tunaambiwa bado amenuna kidogo, lakini ameuliza treni inaondoka saa ngapi.

Kama una mkataba wa namna hii kwenye droo, utoe leo. Usianze na picha za bwawa la kuogelea. Tafuta mahali palipoandikwa unaisha lini. Usipopaona, tuandikie au mpigie mwanasheria kabla hujatuma shilingi nyingine.