MASHAURI YA NYUMBANI: Mvuvi wa Ndoana na Mto Wake

Mwezi huu twajibu swali la mwalimu mmoja wa jirani. Asema ya kuwa siku ya Jumamosi, kazi za shamba zikiisha, hupenda kuchukua ufito wake wa mwanzi na kushuka mtoni pamoja na wanawe. Lakini mara nyingi hurudi mikono mitupu, na jirani zake humcheka, wakisema ya kuwa mtu mzima akaaye ukingoni kutwa ni mvivu tu. Basi auliza mambo mawili: Je, mchezo huu una faida? Na kama una faida, afanyeje apate kuwa mvuvi mwema zaidi?

Swali la kwanza twalijibu upesi. Faida ipo. Mtoto akaaye na baba yake kando ya maji saa tatu husikia maneno mengi ambayo nyumbani hayapati nafasi. Hujifunza kunyamaza, kutazama na kungoja, na mambo hayo matatu yamfaa hata darasani. Tena samaki wawili watatu ni kitoweo kizuri. Lakini swali la pili lataka maelezo marefu, kwa maana neno hili "mvuvi mwema" lina maana mbili, na sisi wenyewe tulichelewa sana kuitambua ile ya pili.

Kwanza na tujue maji yetu. Watu wengi hawajui ya kuwa katika nchi hii iko mito miwili yenye jina moja la Songwe. Mmoja hushuka upande wa kaskazini mpaka Ziwa Rukwa. Huu ndio ulio karibu nasi watu wa Ruanda, upande wa mashariki. Wa pili uko kusini, nao ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi, na maji yake huingia Ziwa Nyasa. Mkoa wetu, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka wa 2016, umechukua jina hilo hilo. Maji ya mito hiyo hayakutani kamwe, wala samaki wake si wa namna moja wote. Katika Songwe ya kusini hupanda mbasa, atokaye Ziwa Nyasa wakati wa mvua ili atage mayai yake penye changarawe. Katika maji yaendayo Rukwa twapata hasa kambare na perege. Na Ziwa Rukwa halina mto utokao ndani yake kwenda bahari yo yote. Maji yake huzidi na kupungua kwa mvua na kwa jua. Basi samaki wa huku wamefungiwa katika bonde lao kama kuku katika ua. Wakiisha, hawatakuja wengine kwa njia ya maji kutoka nchi nyingine.

Wako watu wadhanio ya kuwa kuvua kwa kujifurahisha ni mchezo wa Wazungu tu. Ni kweli ya kuwa Wazungu waliupenda sana, hata wakaleta samaki wa kwao. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta samaki waitwao trauti kutoka Loch Leven katika nchi ya Scotland, akawatia katika mto wa Gura huko Kenya. Na baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, trauti walitiwa pia katika mito ya baridi ya nyanda zetu za juu. Lakini sisi hatuna haja ya samaki mgeni ili tujifunze mchezo huu. Kambare wa Songwe atosha kumfundisha mtu adabu.

Nasi tulifundishwa hivi. Siku tulipoanza tulikuwa na ndoana kubwa tulizonunua sokoni Mlowo. Tulishuka ukingoni tukicheka na kukanyaga kwa kishindo. Tukasimama jua likiwa mgongoni mwetu, na vivuli vyetu vikalala juu ya maji. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri hatukupata kitu. Juu kidogo ya mahali petu alikuwapo mzee mmoja, amekaa juu ya gunia chini ya mti, na kapu lake lilikuwa na perege watano. Tulimwendea tukamwambia, "Shikamoo, baba."

Akajibu, "Marahaba, wanangu. Je, mmekuja kuvua samaki, au mmekuja kuwafukuza?"

Tulicheka kwa aibu, naye akatuonyesha kazi yake. Mambo aliyotufundisha siku ile na siku nyingine tumeyapanga hapa, ili mwalimu wetu ayasome pamoja na wanawe.

La kwanza ni mwendo. Samaki hana masikio ya kuonekana, lakini husikia. Na katika ubavu wake mna mstari ambao kwa huo hutambua kila mtikiso wa maji. Mtu akikanyaga ukingo kwa nguvu, udongo hutikisika, na maji pia, naye samaki huondoka kabla ndoana haijafika. Basi nenda polepole, keti mbali kidogo na maji, uangalie kivuli chako kisianguke juu yake.

La pili ni mahali. Usitupe ndoana po pote. Tazama maji kwanza kwa muda, bila kutupa kitu. Samaki hapendi kupigana na mkondo kutwa. Hukaa maji ya kasi yakutanapo na maji ya polepole, au nyuma ya jiwe kubwa, au chini ya mti ulioinama, ambapo wadudu huanguka. Maji ya kasi humletea chakula, na maji ya polepole humpumzisha. Mvuvi atambuaye mpaka wa maji hayo mawili amekwisha kufanya nusu ya kazi.

La tatu ni ndoana na chambo. Perege ana kinywa kidogo. Mpe ndoana ndogo, yenye nyungunyungu mmoja au tonge dogo la ugali mgumu. Kambare ana kinywa kipana, na macho yake ni madogo. Hutafuta chakula chake kwa harufu na kwa zile sharubu zake. Kwa hiyo mpe kitu chenye harufu, kama matumbo ya kuku, na chubwi uishushe mpaka karibu na chini. Chilezo kiwe chepesi. Kipande cha bua kavu chatosha. Chilezo kizito humwonya samaki ya kuwa kuna mtu juu.

La nne ni wakati. Perege hula vizuri asubuhi na alasiri, jua lisipokuwa kali. Kambare hupenda jioni na usiku, na maji yaliyochafuka kidogo. Chilezo kikicheza tu, usivute, samaki anaonja. Kikizama na kwenda upande, ndipo uinue ufito, kwa mkono mwepesi. Watu wengi hupoteza samaki kwa haraka kuliko kwa uzembe. Naye kambare umshike nyuma ya kichwa kwa uangalifu, maana mapezi yake ya mbele yana miiba mikali.

Kwa mafundisho hayo tulianza kurudi nyumbani na kitoweo, tukajiona ya kuwa tumekuwa wavuvi wema. Na hapo ndipo tulipokosa.

Mwezi wa Desemba wa mwaka mmoja mvua kubwa zilinyesha, mto ukafurika, na maji yakaingia katika majani ya bondeni. Wakati huo kambare huacha mto, hupanda usiku katika maji yale ya kina kifupi, na kutaga mayai yao kwenye majani. Huwa hawaogopi mtu, wala hawana mahali pa kukimbilia. Sisi tulikwenda na taa, tukawavua wengine kwa ndoana, na wengine tukawashika kwa mikono. Tulipata 12. Asubuhi tuliwapeleka kwa yule mzee, ili tusifiwe.

Mzee aliwatazama, akambonyeza mmoja tumboni, mayai yakatoka. Akambonyeza mwingine, vivyo hivyo. Kisha akasema, "Wanangu, hawa si 12." Nasi tukanyamaza, maana kambare jike mmoja hubeba mayai maelfu kwa maelfu. Mzee hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Mwakani mtavua nini?"

Kiangazi kilichofuata tulikaa kando ya kidimbwi kile kile siku nne. Tulipata kambare mmoja, mdogo kama kiganja. Hatuwezi kusema ya kuwa ni sisi peke yetu tuliokimaliza kidimbwi. Walikuwako na wengine wenye taa usiku ule. Lakini hatuwezi kusema ya kuwa hatukuwamo.

Hii ndiyo maana ya pili ya mvuvi mwema. Maana ya kwanza ni mtu ajuaye kumtoa samaki mtoni. Ya pili ni mtu ajuaye ni samaki yupi wa kumwacha. Na ndoana ni rafiki wa maana hii ya pili kuliko chombo kingine cho chote. Fikirini habari za perege. Mama perege hubeba mayai yake kinywani, na watoto wakisha kuanguliwa huendelea kuwalinda humo humo. Wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama yao. Siku zile zote mama hali, au hula kidogo sana, asije akawameza wanawe. Basi chambo cha ndoana hupita mbele yake naye haugusi mdomo wake. Lakini wavu haumwulizi kama ana watoto. Humchukua pamoja na kizazi chote kilicho kinywani mwake.

Kwa sababu hiyo yatuhuzunisha kuona vyandarua vya mbu, vilivyotolewa ili watoto wetu wasiugue malaria, vikikokotwa katika vijito. Matundu ya chandarua ni madogo hata mtoto wa samaki aliye kama punje ya mchele hawezi kupita. Na nyumbani kitanda cha mtoto kimebaki wazi kwa mbu. Hasara ni mbili kwa siku moja. Vibaya zaidi ni sumu. Wako wanaoponda majani ya utupa na kuyatia katika kidimbwi. Samaki wakubwa na wadogo huelea pamoja, wakubwa huokotwa, na wadogo huachwa waoze. Sheria ya Uvuvi ya mwaka wa 2003 yakataza sumu na baruti. Nasi wakulima wa kahawa tujiangalie pia: mtu aoshaye bomba lake la dawa katika kijito amevua samaki wote wa kijito hicho, ingawa hakukusudia wala hakula hata mmoja.

Hata maziwa makubwa yahitaji kupumzishwa. Mwaka wa 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, tangu katikati ya mwezi wa Mei mpaka katikati ya mwezi wa Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Ikiwa ziwa refu namna ile lahitaji kupumzika, je, kidimbwi chetu?

Basi, mwalimu, twakushauri uweke kanuni za nyumba yako, uwafundishe wanao wangali wadogo. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumejiwekea hizi. Samaki aliye mfupi kuliko kiganja na vidole vya mtu mzima hurudi mtoni. Jike lenye tumbo la mayai hurudi. Mafuriko ya kwanza yakiingia katika majani, ufito hukaa darini mpaka maji yarudi mtoni. Tukipata samaki wa kutosha chakula cha jioni, twakunja mshipi hata kama bado wanauma. Na kijino cha ndoana twakilaza kwa koleo, ili samaki wa kurudishwa atoke bila kuraruka. Tena tukimshika twalowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humwondolea ute umlindao mwilini. Samaki wa kuliwa auawe mara moja kwa pigo moja la kichwa, asiachwe akihangaika katika mchanga mbele ya watoto.

Kabla ya kuanza, uliza kwa afisa wa uvuvi wa wilaya kule Vwawa habari za leseni na mahali palipokatazwa. Tena linda watoto. Usiwaache wasimame ndani ya maji yaliyotulia, kwa ajili ya kichocho. Mawingu yakiwa meusi upande wa chanzo cha mto, ondokeni, hata kama kwenu jua lawaka, maana mto huja ghafula. Na wale waendao chini, karibu na Rukwa, wasisahau ya kuwa mamba naye ni mvuvi, tena ni mvumilivu kuliko sisi.

Yule mzee sasa hashuki tena mtoni. Miguu yake imechoka. Mwaka huu mwezi wa Juni tulimpelekea perege wawili wakubwa. Alivipima kwa mkono vile vitoweo, akafurahi, kisha akauliza, "Na wangapi mmewaacha?" Tulimwambia, "Saba, baba." Akamwita mkewe awashe moto.

Basi, mwalimu, jirani wakikucheka tena kwa kurudi na kapu jepesi, usione haya. Waambie ya kuwa waliobaki wako mtoni.