MJI NI WA NANI?

Ndugu wafanya kazi, nanyi nyote mnaokaa Kolwezi,

Mtu akitoka kijijini kuja kututembelea, anashangaa. Anaona taa, maduka, malori yasiyohesabika. Anasema: «Ninyi mnakaa vizuri.» Sisi tunacheka, maana tunajua vumbi la barabara na bei ya unga. Lakini leo hatuandiki habari ya unga. Tunaandika habari ya nyumba.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière. Wazee wetu waliitwa kwa kazi, wakapewa nyumba ya kambi na posho. Nyumba ile ilikuwa ya kazi: kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika upande wao, na usiku Mwafrika asiye na karatasi ya ruhusa hakutakiwa kuonekana upande wa Wazungu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wetu walipewa jembe siku ya kwanza, na bado wakabaki wageni.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Karatasi ile ya usiku haipo tena. Je, ugeni umekwisha?

Tutazame Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya mtaa ule. Watu wakachimba viwanjani, wengine hata ndani ya nyumba. Kuta zikapasuka, mashimo yakaua watu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, wakaaji wakahamishwa, mawe yakawa ya kuuziwa kampuni moja.

Tusiwalaumu wakubwa peke yao. Sisi wenyewe tulichimba chini ya kitanda cha mtoto. Gunia la mawe huliwa kwa juma moja. Nyumba ikianguka, mtoto atalala wapi?

Lakini wakubwa nao wasikie. Ni kweli, yaliyo chini ya udongo ni mali ya Serikali. Ila Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Yanayotangulia! Kwanza kulipwa, halafu kuhama.

Kwa hiyo, ndugu, fuateni hati ya kiwanja tangu leo, msingoje siku ya mashine. Msitie sahihi karatasi msiyoweza kuisoma. Wakija kupima, msiende mmoja mmoja. Mtaa mzima uchague wasemaji wake. Na sisi makarani tuliosomeshwa tuna deni: tukae na jirani, tumsomee kila mstari bila kumdai franka hata moja.

Mgeni huulizwa ataondoka lini. Mwenyeji huulizwa kwanza, kabla ukuta wake haujaguswa. Kolwezi tumeijenga sisi. Tuulizwe kama wenyeji.