Lugha Ngapi Zinamtosha Padri?

Chuo Kikuu cha Harvard humshauri mwombaji awe amesoma lugha moja ya kigeni kwa miaka 4 ya sekondari. Je, sisi tudai nini kwa kijana anayeomba upadri?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 249, inajibu: waseminari wafundishwe vizuri lugha yao wenyewe, wakijue Kilatini sawasawa, na wawe na ujuzi wa kufaa wa lugha nyingine zinazohitajika katika malezi au utume. Kiingereza na Kilatini hatuvisahau. Wasiwasi wetu ni hizo za utume.

Tutazame Mwakitolyo. Dhahabu imeleta wachimbaji wa makabila mengi, nao Kiswahili kinawatosha. Lakini bibi aliyezoea Kisukuma tu ataungamaje kwa padri asiyekijua? Kanuni ya 990 inaruhusu mkalimani, naye hufungwa na siri. Ila mkalimani aliye karibu huenda ni mjukuu wake. Nani atataja dhambi zake zote mbele ya mjukuu?

Hatudai miaka 4. Tunapendekeza frateri anayepangiwa mwaka wa kichungaji Usukumani asome Kisukuma mwaka huo wote, kisha apimwe kwa kuhubiri na kuzungumza na wazee. Hata mzaliwa wa huku apimwe, maana wengi wamekulia shule za bweni. Nanyi waamini, frateri akikosea msimcheke, msahihisheni.