Undugu ni Kufaana

Katika kila ukoo huwako mtu mmoja ambaye watu wa nyumbani hawajui wamwelezeje kwa mgeni. Si mwizi wala si mlevi. Ana akili zake na mikono yake. Lakini umri unakwenda, na faida ya kazi yake haionekani. Na katika ukoo ule ule huwako mwingine aliyejaliwa mshahara. Mwisho wa mwezi huyu wa pili hupiga hesabu: karo ya mtoto, dawa za mama, mabati ya nyumba, na fungu la yule ndugu. Mkewe humwuliza, wazee humwuliza, naye mwenyewe hujiuliza usiku: Nitampa mpaka lini? Swali hili twalijua sana hapa kwetu Ngara na Biharamulo. Leo nataka tulitazame kwa njia ya ndugu wawili wa Uholanzi, maana habari zao zimebaki katika barua zao wenyewe.

Mkubwa aliitwa Vincent van Gogh, naye alizaliwa mwaka 1853. Mdogo wake, Theo, alizaliwa mwaka 1857. Baba yao alikuwa mchungaji wa kanisa kijijini. Baba yao mkubwa alikuwa na ubia katika kampuni ya Goupil, iliyofanya biashara ya picha katika miji mikubwa ya Ulaya. Kwa hiyo vijana wote wawili waliingizwa katika kazi hiyo: Vincent mwaka 1869, akiwa na miaka 16, na Theo mwaka 1873, akiwa na miaka 15.

Theo alidumu kazini akapanda cheo. Vincent alifukuzwa mwaka 1876. Akafundisha shule Uingereza, akaacha. Akauza vitabu, akaacha. Akaanza masomo ya kuwa mchungaji, nayo yakamshinda. Mwisho wa mwaka 1878 alikwenda Ubelgiji kuwahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe. Huko aligawa nguo zake kwa maskini, akalala juu ya majani makavu. Wakuu wa misheni waliona kwamba amepita kiasi, na mwaka 1879 hawakumwongezea muda.

Sasa tazameni jambo lililotokea. Theo alikwenda kumtembelea, akamshauri kama ambavyo yeyote kati yetu angemshauri: Tafuta kazi, usiwe mtu wa kulishwa. Maneno hayo yalimchoma Vincent, naye akaacha kumwandikia mdogo wake kwa muda wa miezi mingi. Undugu ungeweza kufa hapo. Lakini mwaka 1880 Theo alimpelekea franki 50. Vincent alizipokea, akajibu kwa barua ndefu. Alimweleza nduguye kwamba wako wavivu wa namna mbili: yuko asiyetaka kufanya kazi, na yuko anayetamani kufanya kazi kwa moyo wote lakini amefungwa, kama ndege aliye tunduni. Akaomba asihesabiwe pamoja na wale wa kwanza.

Mwaka huo huo Vincent alishika kalamu na karatasi, akaazimia kuwa mchoraji. Alikuwa na miaka 27. Tangu hapo Theo alikuwa akimpelekea fedha, na baadaye zilifika franki 150 kwa mwezi. Fedha hizo hazikuwa kidogo, kwa maana mwaka 1888 Vincent alipanga nyumba huko Arles, kusini mwa Ufaransa, kwa franki 15 tu kwa mwezi. Lakini rangi na vitambaa vya kuchorea vilikuwa ghali, naye alichora bila kupumzika. Mara nyingi alitanguliza rangi, chakula kikafuata nyuma.

Hapa ndipo penye fundisho ninalotaka tulishike. Mwaka 1884 Vincent alikuwa akikaa kwa wazazi wake. Watu walimwuliza kwa nini haingizi kitu, naye akaona uchungu kuitwa mtu anayekula jasho la mdogo wake. Basi akamwandikia Theo neno la mapatano: Mimi nitakuletea picha zangu, nazo zitakuwa mali yako, na fedha unazoniletea zihesabiwe kuwa malipo ya kazi yangu. Theo alikubali. Kiasi cha fedha hakikubadilika, lakini jina lake lilibadilika. Kilichokuwa msaada kikawa shirika. Aliyekuwa akipokea kwa aibu akawa mtu mwenye kitu cha kutoa.

Wengi wetu hatufiki hapo. Twatoa, lakini kwa manung'uniko, au twatoa mbele za watu ili tusifiwe. Naye anayepokea hujifunza kuomba badala ya kujifunza kazi. Ukimpa ndugu yako fedha ya mbegu, mwambie utapokea magunia mangapi wakati wa mavuno, hata kama yatakuwa mawili tu. Ukimnunulia cherehani, mpe na kitambaa cha sare za wanao ashone. Usidhani unamdai, unamheshimu.

Wala tusidhani kwamba Theo alikuwa malaika asiyechoka. Mwaka 1886 Vincent alimfikia Paris bila kumwambia, wakakaa nyumba moja miaka miwili. Vincent alikuwa mchafu, mwenye ubishi na hasira, hata wageni hawakupenda kuja tena. Theo alimwandikia dada yao kwamba maisha yale yalikuwa karibu kumshinda. Hata hivyo hakumfukuza. Alijua kwamba ndani ya mtu yule mgumu alikuwamo mwingine mpole, mwenye kipawa kikubwa. Tena alikuwa mfanyabiashara wa picha, jicho lake lilizoea kutazama. Alikuwa akiuza kazi za Monet na Pissarro wakati ambapo wakubwa wake hawakuzithamini sana. Hakumsaidia nduguye kwa huruma tu. Aliiamini kazi yake.

Mwisho wa mwaka 1888 Vincent alishikwa na ugonjwa wa akili, akajikata sikio. Theo alikuwa amekwisha patana uchumba na Johanna Bonger siku hizo hizo. Aliacha furaha yake, akapanda treni usiku wa Krismasi kwenda kumwona. Baadaye Vincent alikaa mwaka mzima katika nyumba ya wagonjwa huko Saint-Rémy, na Theo akaendelea kulipa. Theo na Johanna walioana Aprili 1889, na Januari 1890 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Vincent. Yule baba yake mkubwa alimchorea picha ya matawi ya mlozi yenye maua meupe katika mbingu ya samawati.

Mambo yalizidi kuwa mazito mwezi wa Julai mwaka huo. Mtoto aliugua, na Theo aligombana na wakubwa wake hata akafikiri kuacha kazi. Vincent alipofika Paris kuwatembelea, aliyaona mashaka hayo, akarudi Auvers akihofu kwamba yeye ni mzigo kwao. Tarehe 27 Julai 1890 alijipiga risasi, na siku mbili baadaye akafa, Theo akiwa kando ya kitanda chake. Alikuwa na miaka 37. Theo naye alikuwa mgonjwa, akafa tarehe 25 Januari 1891, hata miezi sita haijatimia. Alikuwa na miaka 33.

Kama habari ingeishia hapa, watu wangesema fedha za Theo zilipotea bure, maana picha zilizouzwa Vincent akiwa hai zilikuwa chache sana. Lakini alibaki Johanna, mjane wa miaka 28, na mtoto asiyetimiza mwaka, na nyumba iliyojaa picha ambazo hazikutakiwa na watu. Angeweza kusema: Hizi ndizo zilizokula mshahara wa mume wangu. Hakusema hivyo. Alifungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate riziki, akazihifadhi picha, akazipeleka katika maonyesho. Mwaka 1905 zaidi ya kazi 400 za shemeji yake zilionyeshwa Amsterdam. Mwaka 1914 alitoa kitabu cha barua za Vincent kwa Theo, na mwaka huo huo akahamisha mifupa ya mumewe, akaizika huko Auvers karibu na kaburi la nduguye. Na mwaka 1973 lilifunguliwa Amsterdam jumba la makumbusho kwa ajili ya kazi hizo, ambazo yule mtoto aliyechorewa maua ya mlozi alizitunza hata uzeeni.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora wanyama na ndege kwenye vibao huko Dar es Salaam, hakujifungia ufundi wake. Aliwaita ndugu na jamaa zake akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa. Lakini jamaa zake waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, na jina lake likawa jina la mtindo wenyewe. Theo alimbeba ndugu mmoja. Tingatinga aliwabeba jamaa zake, nao wakalibeba jina lake.

Basi, wewe mwenye mshahara, keti na ndugu yako mpatane: kiasi gani, kwa kazi gani, na wewe utapokea nini. Mkeo awepo na asikie, maana huenda ndiye atakayeilinda kazi hiyo ninyi mkiwa hampo. Nawe unayepokea, usiache kuleta matunda ya mikono yako, hata kama ni madogo. Tena siku nyumba ikipata shida na fungu likapungua, mwambie nduguyo waziwazi: Fedha imepungua, wewe hujapungua. Vincent na Theo waliandikiana barua kwa mamia, na hata hivyo mwezi ule wa Julai hofu ya kuwa mzigo ilimwingia mtu. Neno hilo ni la kusemwa mapema, na kusemwa tena.