Kusali Bila Kukoma Si Kunyamaza



Huku kwetu mlimani, mjane anapofukuzwa katika kihamba alichokilima pamoja na marehemu mumewe, mara nyingi huambiwa: "Mwachie Mungu, endelea kusali." Neno hilo, likitoka kinywani mwa mtu awezaye kumsaidia, ni uvivu uliovikwa joho la imani.

Yesu alipofundisha kusali daima bila kukata tamaa (Lk 18:1-8), alitoa mfano wa mjane. Huyo hakungoja nyumbani. Alimwendea hakimu dhalimu tena na tena, akidai haki yake.

Basi tusimsingizie Mungu ukawiaji ulio wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sehemu ya jibu imekwisha kuandikwa. Wanaoichelewesha ni shemeji anayehamisha masale ya mpakani, na sisi tunaomtazama.

Viongozi wa jumuiya, salini rozari na mjane jioni. Asubuhi mfuatane naye hadi Baraza la Ardhi la Kijiji. Akikataliwa, salini tena, mrudi tena. Je, Mwana wa Mtu ajapo, ataikuta imani hiyo vihambani mwetu?