Mbunge wa Bukavu: wa raia ao wa kambi?

Kila wakati wa kampeni, raia wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanagawiwa kofia na tisheti za chama. Mgombea anaahidi maji, barabara na usalama. Akisha kuchaguliwa, anaenda Kinshasa, na huko kambi ndiyo inakuwa bosi wake.

Mwaka 2019, FCC, kambi ya Joseph Kabila, iliingia Bungeni ikiwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500. Tarehe 10 Desemba 2020, siku chache baada ya wabunge kupigana na kuvunja viti ndani ya Jumba la Watu, kura 281 dhidi ya 200 zilimwondoa spika Jeanine Mabunda. Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 waliangusha serikali ya waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Kwa muda wa wiki saba tu, wengi walikuwa wamehamia Union sacrée ya rais Félix Tshisekedi. Raia hakurudishwa kupiga kura hata mara moja.

Katiba, katika kifungu cha 110, inasema mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi anahesabiwa kuwa ameacha kiti. Kifungu cha 101 nacho kinasema mbunge anawakilisha taifa, hapewi amri na mtu. Kila mwanasiasa anashika kile kinachomfaa siku hiyo.

Wakumbuke ya mwaka 2009. Spika alikuwa Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu. Aliposema hadharani kwamba hakujulishwa kuhusu kuingia kwa jeshi la Rwanda katika Kivu, kambi yake mwenyewe ilimbana hadi akajiuzulu mwezi wa tatu. Hakuwa amehama chama. Alisema tu jambo ambalo raia wengi wa Kivu walikuwa wanalisema. Basi kuhama kambi hakukugharimu wengi kitu. Kusema kwa niaba ya nyumbani kuligharimu cheo.

Kuna wanaosema bila nidhamu ya chama serikali haiwezi kutenda kazi. Ni kweli. Lakini nidhamu hiyo inalinda mpango gani? Baada ya uchaguzi wa 2023, Union sacrée ilipata viti zaidi ya 400, na bado ugomvi haukuisha. Kamerhe, aliyerudi kuwa spika Mei 2024, alijiuzulu tena Septemba 2025, akisukumwa na wabunge wa muungano huohuo. Wanaogombana si wa mawazo mawili tofauti; wanagombania viti.

Wakati huo Bukavu, tangu Februari 2025, iko mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifungwa, na uwanja wa ndege wa Kavumu pia. Mama muuzaji wa Kadutu hana njia ya kwenda kumuuliza mbunge wake.

Wabunge wa Kivu Kusini, wa kambi zote, wangeweza kukaa pamoja na kutangaza wanachodai kwa ajili ya mkoa wao, kisha kila mmoja aseme wazi alipiga kura namna gani. Chama kilimpa mbunge bendera. Kura ilitoka kwa raia.